Mgonjwa wa Kompyuta na Mguu wa Baba

Baba yangu hakuwa mtu wa salamu. Aliongoza shule ya msingi hapa Baraka miaka mingi mpaka watu wakadhani alizaliwa na kengele mkononi, na kwa mawazo yake mkurugenzi husalimiwa. Yeye huitikia kwa kidevu. Kwa hiyo alipoanza, uzeeni, kusimama kila baada ya nyumba chache akielekea kanisani, akiulizia mbuzi, akiulizia watoto wa mbuzi, akitaka kujua kama bati lililong'olewa na upepo limerudishwa, mtaa mzima ulifurahi. Walisema Mungu amemlainisha. Mchungaji alimsifu mbele ya waumini, na baba akatazama chini kwa unyenyekevu ambao sisi wanawe hatukuwahi kuuona.

Siku moja nilitembea naye. Akasimama mbele ya nyumba yenye kufuli mlangoni, wenyewe wote wamekwenda shamba, akaisalimia. Akaiuliza habari za asubuhi. Mimi ni daktari, lakini nikiwa na baba huwa mtoto tu, na ilibidi nimwone akizungumza na kufuli ndipo akili ya kazi iamke. Nikamtazama usoni: jasho jembamba. Nikatazama chini: mkono mmoja umeshika fimbo, wa pili unabana shavu la mguu wa kushoto. Kumbe salamu zote zile zilikuwa njia ya kupumzisha mguu.

Nikamwambia tukae. Akasema hajachoka. Nikamwambia avue kiatu. Akasema njiani si mahali pa kuvulia viatu. Tulibishana pale mbele ya kufuli mpaka nikapiga magoti vumbini, mimi na gauni langu la Jumapili, nikamvua mwenyewe.

Mguu ulikuwa baridi kama chupa iliyotolewa ziwani. Kidole kikubwa kilikuwa na kidonda alichokificha ndani ya soksi, na nilipotafuta mapigo ya damu juu ya unyayo sikupata kitu. Mshipa unaopeleka damu ulikuwa umeziba huko juu, kidogo kidogo, kwa sababu ya umri na kwa sababu ya sigara alizovuta miaka yote nyuma ya choo cha walimu akidhani wanafunzi hawajui. Shule nzima ilijua. Hata mimi nilijua, na nilikuwa darasa la tatu.

Mguu usiopata damu huoza. Hapa kwetu tuna dawa moja tu ya mguu unaooza, nayo ni msumeno. Lakini katika hospitali kubwa, ng'ambo ya mpaka, kuna kazi nyingine: wanatoboa tundu dogo kwenye kinena, wanapitisha waya mwembamba ndani ya mshipa mpaka mahali palipoziba, wanafuatisha puto dogo, wanalijaza, mshipa unapanuka, damu inapita. Hakuna kupasua. Mgonjwa hata usingizi halali, anabaki macho. Nilimweleza baba haya yote kwa furaha. Alinisikiliza mpaka mwisho, uso wake ukiwa ule wa kumsikiliza mwanafunzi aliyekariri vibaya, kisha akakataa vyote viwili, msumeno na waya. Alisema alizaliwa na miguu miwili na atazikwa nayo, na kwamba puto ni kitu cha sikukuu, si cha kuingizwa ndani ya mtu aliyebatizwa.

Baba ana kichwa kigumu. Nami nimekirithi, kwa hiyo nyumba yetu ilikosa amani.

Hapo ndipo mashine ilipofika. Hospitali ile ya ng'ambo ilitaka madaktari wa sehemu za mbali waelewe kazi ya waya, ili wawatambue wagonjwa mapema na kuwatuma kabla mambo hayajaharibika. Ikatuletea mwalimu mmoja, daktari mrefu wa Kinshasa, mpole, mwenye Kifaransa cha kupendeza na Kiswahili kilichoishia kwenye jambo na asante. Alikuja na masanduku mawili yaliyopigwa na barabara mpaka yakabadilika rangi. Ndani mlikuwa na kompyuta, kioo chake kikubwa, na kasha lililofungwa paja la plastiki lenye tundu. Unaingiza waya wa kweli kwenye lile tundu, na kioo kinakuonyesha waya huo ukipanda ndani ya mishipa ya mtu, vile vile unavyoonekana kwenye picha ya hospitali. Ukisukuma kwa nguvu, vidole vinasikia mshipa unakataa. Ukizidi kusukuma, mshipa unatoboka, damu inavuja kwenye kioo, moyo unakwenda mbio, mgonjwa anakufa. Unabonyeza kitufe, anafufuka, unaanza upya.

Tulikuwa madaktari watatu wa kujifunza, na mimi nilikuwa na sababu yangu. Mwalimu aliniambia kwamba hospitali yao inakaribia kupokea wagonjwa wa kwanza kutoka sehemu zetu, na kwamba anaweza kumwekea baba nafasi, mradi baba mwenyewe akubali kabla yeye hajafunga masanduku na kuondoka. Basi hesabu yangu ikawa rahisi. Mwalimu akiondoka bila jibu la baba, unabaki msumeno. Na kwa kuwa namjua aliyenizaa, nilijua kwamba kati ya msumeno na kaburi atachagua kaburi, tena kwa sauti.

Tulipewa chumba cha zamani cha magodoro kwa sababu kilikuwa karibu na jenereta. Ukuta wake mmoja ni wa mbao, na nyuma ya mbao hizo kuna kibanda cha kupikia cha magarde-malade. Kwetu mtu halali hospitali peke yake. Lazima awe na garde-malade wake, yaani mama au dada au shemeji wa kumpikia, kumfulia, kumgeuza kitandani na kugombana na waganga kwa niaba yake. Asiye na garde-malade anahurumiwa kuliko mwenye kansa. Na magarde-malade wote, wakishalisha wagonjwa wao, hukaa katika kile kibanda wakisikiliza, maana mbao zile zina nafasi kubwa kuliko mbao.

Walisikia nini? Walinisikia mimi. Siku za kwanza nilikuwa mbaya mno. Mikono yangu imezoea kupasua, kushona, kuvuta mtoto aliyekwama; ni mikono ya nguvu. Waya ule ulitaka mkono wa kutoa mwiba kwenye kidole cha mtoto aliyelala. Nilisukuma, nikatoboa. Nilisukuma, nikatoboa tena. Na kila nilipotoboa, kompyuta ilitangaza kwa sauti ya mwanamke mtulivu kabisa, aliyeshiba, aliyekunywa na chai: "Patient décédé." Tulijaribu kupunguza sauti yake tukashindwa. Neno hilo la Kifaransa, yaani mgonjwa amefariki, kila mtu wa Baraka analijua, hata asiyeingia darasani, kwa sababu ndilo linaloandikwa kwenye karatasi ya kutolea maiti.

Nyuma ya mbao walianza kuunganisha mambo. Katika chumba kile watu wanakufa kila siku. Hakuna chakula kinachoingia mle, kwa hiyo wanaokufa hawana ndugu. Labda wametoka Minembwe huko juu, ndugu zao bado wako njiani kwa miguu. Wakamwuliza mlinzi wa chumba cha maiti, akasema yeye hajapokea mtu. Hapo ndipo hofu ilipowaingia. Watu wanakufa, hawaliliwi, na maiti hazionekani.

Sisi ndani hatukujua lolote. Siku hiyo nilikuwa nimetoboa mshipa mkubwa hata kabla jenereta halijapata joto, na mwalimu akatupumzisha. Nilifungua mlango nikitoka, nikamgeukia mwenzangu nikamwambia kwa furaha kwamba leo nimemuua mapema, tutawahi kula.

Nikageuka mbele. Ua wote ulikuwa umejaa. Bamama, wale akina mama wa kibandani, wameketi kwenye mikeka, wamefunga vitenge kiunoni, wamevua viatu. Wanaume wamewasha moto wa kilio pembeni, wamekaa kwenye magogo. Kuna sufuria za ugali, kuna beseni la ndagala, wale dagaa wa ziwa letu, kuna kwaya nzima ya kanisa letu, na wote wananitazama mimi niliyemuua mapema.

Aliyesimama alikuwa mama mmoja wa Ubwari, aliyekuja kwa mtumbwi na mjukuu wake aliyevunjika mkono. Alikuwa na sauti ya kuita mtu aliye katikati ya ziwa, lakini siku hiyo alisema polepole.

"Dokta, mutupatie maiti."

Nikamwuliza maiti gani.

"Ya leo. Na ya jana, na ya juzi. Kama habana bandugu, bandugu ni sisi."

Ninakiri nilitaka kucheka, na papo hapo nikaona haya, kwa sababu machozi yake yalikuwa ya kweli. Alikuwa ameyatoa kwa ajili ya mtu asiyemjua, na mtu mwenyewe ni plastiki. Nikamshika mkono, nikamwingiza ndani, wengine wakafuata mpaka mwalimu wetu akabanwa ukutani akishika waya wake juu asipokonywe. Nikawaonyesha kasha, paja, tundu, kioo. Nikabonyeza kitufe, moyo ukaanza kupiga. Mama wa Ubwari alilizunguka lile paja akatazama juu yake, akatazama chini yake.

"Na kichwa?"

Nikamwambia hana kichwa.

"Ndio maana hasemi kwenye inamuuma," akasema, na akaonekana kuridhika kwamba angalau sababu ya vifo imepatikana.

Ugali haukurudishwa. Uliliwa pale pale, na mwalimu wetu akala ndagala kwa mara ya kwanza, macho yakimtoka, kwa adabu. Nilidhani mambo yameishia hapo, lakini bamama walikuwa wamekata shauri. Mgonjwa ni mgonjwa, walisema, na kumwacha peke yake na madaktari ni vibaya. Kuanzia kesho yake wakampangia Papa wa Kompyuta, yaani Baba wa Kompyuta, jina walilompa mgonjwa wa plastiki, zamu ya garde-malade. Kila siku mmoja alileta kiti chake akakaa karibu na paja, na wengine wakajaa mlangoni. Nilipotoboa walisonya. Nilipokaribia vizuri walishika pumzi. Mama wa Ubwari alizoea kunionya: "Polepole, Dokta, huyu ni mutoto wa bantu." Mwalimu alipotaka kuwafukuza, mganga mkuu wetu alimwambia ajaribu yeye mwenyewe, akajifungia ofisini.

Habari zilimfikia baba. Alikuja kwa miguu kutoka nyumbani, na najua alisimama kila nyumba, kwa sababu alifika na habari za mbuzi wote wa mtaa. Hakuwa ameitwa. Alipewa kiti cha mbele, maana nusu ya watu wa chumba kile walipita darasani kwake, na bado walikaa wima alipowatazama. Akafuta miwani. Akasema tuendelee, yeye hayupo.

Mtu hawezi kufanya kazi mbele ya mtu ambaye hayupo namna hiyo. Nilitaka sana aone. Moyoni nilikuwa nimepanga kila kitu: nitaupitisha waya, nitalijaza puto, damu itapita, baba atageuka na kuniambia twende. Waya ukapanda vizuri, ukafika mahali palipobana, ukakataa. Mwalimu akaniambia nirudi nyuma kidogo. Bamama wakaniambia nirudi nyuma kidogo. Nami, kwa kuwa baba alikuwa ananitazama, nikasukuma.

"Patient décédé," akasema yule mwanamke aliyekunywa chai.

Baba alisimama, akaaga kila mtu, akaondoka.

Nilimkuta nyumbani amekaa na mguu wake juu ya kiti. Baba akikasirika huzungumza Kiswahili cha kitabu, na hapo ndipo sisi wanawe hutafuta pa kujificha. Alisema: "Nilikuwa nikifikiri. Sasa sifikiri tena. Hakuna mtu atakayejifunzia mkono kwenye mguu wangu."

Nilipandisha hasira. Nilimwambia si mimi nitakayeushika, ni mwalimu, ambaye kazi hiyo anaijua usingizini. Akajibu kwamba mwalimu hupimwa kwa mwanafunzi, na mwanafunzi amemwona. Nikamwambia anachagua kufa kwa sababu ya kiburi. Akasema kiburi ni cha anayesukuma akiambiwa arudi nyuma. Nilitoka nikaubamiza mlango, mimi mama wa watoto watatu, nikaenda kulia kwenye zizi la mbuzi wa jirani. Nililia kwa hasira kwanza, kisha kwa hofu, kwa sababu nilipotoka nilikuwa nimekitazama kile kidole, na weusi ulikuwa umepanda.

Kesho yake ilikuwa siku ya mwisho. Mwalimu alikuwa aondoke mchana, gari limekwisha kutiwa mafuta. Nilikwenda kazini nikiwa na uso wa matanga. Sikumwambia mtu kitu, lakini bamama walikwisha kujua, maana jirani mwenye mbuzi ni binamu wa mmoja wao.

Baba akaingia.

Alikuwa amevaa koti lake la ukaguzi, lile la siku za mitihani ya taifa. Hakunitazama. Alimwendea mwalimu, akamsalimia kwa Kifaransa cha shule, kile kinachotembea kikiwa kimechomekea shati, akamwuliza kama yeye naye amewahi kumwua mtu huyu. Nilitafsiri ili bamama wasikie. Mwalimu akacheka. Alisema amemwua sana, kuliko mimi, mpaka wenzake wa masomo walikuwa wakimwita mchimba kaburi.

"Na kitandani?" baba akauliza.

Mwalimu hakucheka tena. Alijibu kwa sauti ya chini, na nilisita kabla ya kutafsiri. Alisema ndiyo. Mtu mmoja, mama mmoja, siku zake za mwanzo, shuleni kwao kukiwa bado hakuna kasha kama hili. Alijifunzia kitandani kwa sababu hapakuwa na mahali pengine. Ndiyo sababu sasa anabeba masanduku haya kwenye barabara zetu, akitapika kila kona, ili wengine watoboe plastiki.

Mama wa Ubwari alikaa chini.

Baba alilitazama kasha kwa muda. Alifundisha maisha yake yote kwa ardoise, kile kibao cheusi ambacho mtoto wa darasa la kwanza huandika kwa chaki, akakosea, akafuta kwa kiwiko, akaandika tena, na haruhusiwi kugusa daftari mpaka kibao kimemkubali. Wazazi wangapi aliwafukuza ofisini kwa kudai daftari mapema.

"Kumbe ni ardoise," akasema. Kisha akanigeukia. "Futa. Anza tena."

Alimwomba mwalimu aweke kwenye kompyuta mguu wa kushoto, ulioziba kama wake. Mwalimu akatafuta, akauweka. Baba akaona waya unaingia kwenye kinena cha kulia, akauliza kwa ukali kwa nini, wakati mguu mgonjwa ni wa kushoto. Nikamweleza kwamba tunapanda upande wa kulia mpaka tumboni, kunakogawanyika mshipa mkubwa, halafu tunashuka upande wa pili. Akasema hiyo ni kuzunguka bure, ni kwenda Fizi kwa kupitia Nundu. Nikamwambia ndiyo, baba, lakini ndiyo barabara iliyopo.

Nikaanza. Nilimwua. Baba akasema futa. Nilimwua tena, polepole zaidi. Akasema futa. Dereva alipiga honi nje, na bamama wawili wakatoka wakaenda kumweleza dereva maneno yaliyofanya honi isirudi tena. Mafuta ya jenereta yalikuwa yanaisha. Vidole vyangu vilikuwa vimelowa, na nikahisi kwamba kama nitasukuma tena kwa hasira nimemzika baba yangu kweli. Basi niliacha kumtazama yeye, nikatazama waya. Ulipokataa, nikarudi nyuma. Nikauzungusha kati ya vidole viwili, kidogo, nikangoja. Ukakataa tena, nikarudi tena. Halafu ukapita. Sijui kuueleza wepesi ule. Nikapeleka puto, nikalijaza, nikalitoa, na kwenye kioo damu ikashuka mpaka kwenye vidole vya mguu.

"Procédure terminée," ikasema kompyuta.

Bamama, ambao hawajawahi kumsikia yule mwanamke akisema kitu kingine, walijua moja tu: akisema, mtu amekufa. Wakaangua kilio. Mama wa Ubwari alikuwa amekwisha kujitupa sakafuni ndipo baba alipopiga fimbo chini na kuwatafsiria kwamba kazi imekwisha na mgonjwa ni mzima. Kilio kikageuka vigelegele bila hata kupumzika katikati. Mwalimu alikumbatiwa na watu asiowajua.

Baba alingoja kelele zipungue, akatoa alama. "Kumi na moja juu ya makumi mawili," akasema. "Unapita, lakini usiringe."

Nikamwuliza: na wewe, je?

Akasema ataenda. Chumba kizima kilisikia, kwa hiyo hakuwa na njia ya kurudi nyuma, na nadhani ndiyo sababu alilisema pale. Nikaanza kumwambia kwamba nitaomba niingie chumba cha kazi, nisimame karibu na mwalimu, nimsaidie. Akanikatiza. Hakutumia Kiswahili cha kitabu.

"Badokta iko bengi kule," akasema. "Garde-malade, mi niko na mumoja tu."

Mama alikwisha kufa, na ndugu zangu wametawanyika. Alikuwa anasema kweli tupu. Nikaenda kufunga mizigo.

Tulisafiri na mwalimu na masanduku yake, tukapita Nundu, tukapita Uvira, tukavuka mpaka. Nilibeba sufuria, unga, makaa, beseni, ndoo na shuka mbili. Kule nikakuta ni hospitali ya vigae, chakula chaja kwa kigari, na makaa yangu yalizuiliwa getini kama silaha. Baba alifurahi mno kwamba nimeaibishwa. Alikula chakula chao akakisahihisha.

Asubuhi ya kazi walimlaza kwenye kitanda cha magurudumu, nikakisukuma mimi mpaka kwenye mlango mkubwa. Muuguzi kijana akaweka mkono mbele yangu. Nilimwambia mimi ni daktari. Akaniuliza, kwa heshima, kama ni daktari wa mgonjwa huyu au ni mtu wake. Baba aliinua kichwa kutoka kwenye mto kusikiliza nitasema nini.

Nikasema mimi ni mtu wake. Mlango ukafungwa.

Miaka yote nimekuwa upande wa ndani wa mlango kama ule. Nimewafungia watu wangapi, nikaenda kunawa mikono, bila kufikiri kwamba upande wa pili saa haziendi. Pale kulikuwa na benchi. Nilikaa. Kila kosa nililofanya kwenye kasha nililiona tena, ila sasa lilikuwa na uso. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani. Sikuomba sala yoyote ya maana. Nilikuwa nasema tu rudi nyuma kidogo, rudi nyuma kidogo, mpaka mwanamke aliyekaa kando yangu akasogea mwisho wa benchi.

Walimtoa akiwa macho na amenuna. Mwalimu alikuja nyuma yake amevua kofia, akanyoosha kidole gumba juu, akaegemea ukuta. Baba alikuwa ameona kila kitu kwenye kioo, na kwa maelezo ya muuguzi, alikuwa amewauliza kama wana hakika kwamba wanamwangalia yeye na si ile kompyuta. Walipomwambia ndiye, akawaagiza wasiharakishe.

Nilimpeleka wodini. Nje mvua ilikuwa imeanza. Nikamfunika blanketi zito kama nilivyokuwa nikimfunika nyumbani, nikaketi upande wa miguu, sikuthubutu kuugusa. Baba akaanza kupiga teke blanketi.

"Muguu inaniwaka moto," akasema. "Nani amefunga madirisha?"

Nikaingiza mkono chini ya blanketi. Ulikuwa na joto. Nikaweka vidole viwili juu ya unyayo, pale ambapo kwa miezi sikupata kitu, na mapigo yakanijibu, moja, na lingine, na lingine. Nikaenda nikafungua dirisha. Mgonjwa wa kitanda cha pili akalalamika kwamba nje kunanyesha na sisi tunafungua. Nikamwambia samahani, baba yangu anasikia joto mguuni. Nikafungua na dirisha la pili, nikamwambia tena, kwa sauti, wodi nzima isikie.